Umenunua nyumba yenye wapangaji Mtwara au Lindi: namna ya kuipata tupu bila kuvunja sheria

Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia mwezi wa kumi, madalali wa nyumba Mtwara, Lindi, Masasi na Newala hawashikiki. Mkulima kalipwa, mfanyabiashara kalipwa, na aliyekuwa anaota nyumba ya mjini sasa ana fedha mkononi. Anapelekwa Chikongola, Magomeni au Rahaleo, anaonyeshwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani. Anagonga kuta, anatazama bati, anauliza bei. Kamba za uani zimejaa nguo za familia nne, lakini hakuna anayeziuliza nguo zile. Wiki mbili baadaye mauziano yamesainiwa, na siku ya Jumatatu mnunuzi anapita chumba kwa chumba: "Nyumba hii sasa ni yangu, nawapa siku saba."

Siku saba hizo zimewafikisha watu wengi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, na mara nyingi aliyetoka huko na hasara ni mnunuzi. Mwongozo huu nimeuandika kwanza kwa ajili yake, kwa sababu fedha yake ni ya jasho na haki yake ni ya kweli. Lakini hauwezi kumsaidia bila kumheshimu na mpangaji, na utaona kwa nini.

Ulichonunua ni nini hasa

Muuzaji hawezi kukuuzia asichokuwa nacho. Alipompangisha mtu chumba, alimpa sehemu ya haki yake, yaani haki ya kukaa mle na kukitumia kwa muda waliokubaliana. Sehemu hiyo haikuwa tena mkononi mwake siku ulipomhesabia fedha. Umenunua nyumba pamoja na ahadi zake.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inaweka ndani ya kila upangaji ahadi ambayo haihitaji hata kuandikwa: mpangaji akilipa kodi na kutimiza masharti yake, atakaa kwa amani bila kusumbuliwa na mwenye nyumba wala na mtu anayepata haki kupitia kwa mwenye nyumba. Mtu huyo ni wewe. Kusema "mimi sikuingia mkataba na huyu mama" hakukusaidii, maana umevaa viatu vya aliyeingia. Wala kusema "sikujua kama kuna wapangaji", kwa kuwa sheria inakuhesabu umejua kila jambo ambalo mnunuzi makini angeligundua kwa kukagua na kuuliza. Zile nguo kwenye kamba zilikuwa taarifa tosha.

Viatu hivyo vina faida pia. Kuanzia siku umiliki ulipohamia kwako, kodi mpya ni yako, masharti ya mkataba unaweza kuyadai wewe, na njia zote ambazo muuzaji angeweza kuzitumia kumaliza upangaji sasa ni zako. Kama yeye angemwondoa mpangaji kwa notisi ya mwezi mmoja, nawe unaweza. Kama asingeweza hadi mkataba uishe mwakani, nawe subiri hadi mwakani.

Utasikia mtaani kwamba kila mpangaji lazima apewe miezi mitatu, au kwamba mwenye nyumba ni lazima amtafutie pa kwenda. Miezi mitatu huwa imeandikwa kwenye mikataba mingi, na ikiwa imo kwenye wa mpangaji wako, inakufunga. Isipoandikwa, si kanuni ya kila mtu. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba na kumwekea mwenye nyumba masharti mazito ya kumtoa mpangaji ilifutwa mwaka 2005. Wazee wengi bado wanaikumbuka, na hapo ndipo ubishi mwingi unapoanzia.

Hatua ya kwanza: maliza suala la wapangaji kabla ya kulipa

Kama ungesoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningeomba iwe hii. Kabla fedha haijatoka una nguvu mbele ya muuzaji. Ikishatoka, simu yake inaweza isipatikane.

Nenda kwenye nyumba mwenyewe, bila dalali, saa za jioni watu wanapokuwa wamerudi. Piga hodi kila mlango. Kwa kila chumba andika jina la mpangaji, ameingia lini, analipa kiasi gani, analipa kwa mwezi au kwa miezi sita au mwaka, amelipa hadi tarehe ngapi, na kama aliweka dhamana, yaani fedha ya tahadhari anayorudishiwa akihama. Omba kuona mkataba na risiti. Uliza pia kama kuna chochote alichojenga au kutengeneza kwa makubaliano na mwenye nyumba, kwa sababu kwetu huku ni kawaida mpangaji kuvuta umeme, kuweka geti au kuchimba choo kisha gharama ikatwe kwenye kodi kidogokidogo. Deni la namna hiyo muuzaji hulisahau upesi sana.

Ukimaliza, mwombe kila mpangaji asaini karatasi inayosema hayo aliyokueleza, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au shahidi mwingine. Karatasi hiyo ina kazi kubwa baadaye. Wapo wanunuzi waliokuta, miezi mitatu baada ya kununua, binamu wa muuzaji anatoa "mkataba wa miaka kumi" ambao wino wake haujakauka. Mwenye maelezo yaliyosainiwa siku ya ukaguzi, yanayosema binamu alikuwa analipa mwezi kwa mwezi, hapati shida kubwa kuubomoa. Kumbuka pia kwamba mkataba wa pango hulipiwa ushuru wa stempu, na usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi hadi ushuru ulipwe. Wenye mikataba ya kughushi kwa kawaida hawakufika huko.

Sasa weka hesabu mezani na muuzaji. Chukua mfano: umiliki unahamia tarehe 1 Septemba. Mpangaji wa chumba cha pili analipa 40,000 kwa mwezi na alitoa 240,000 mwezi Juni kwa miezi sita. Septemba, Oktoba na Novemba tayari zimelipwa, lakini zimelipwa kwa muuzaji. Ni shilingi 120,000 ambazo huwezi kumdai tena mpangaji, kwa hiyo zikatwe kwenye bei. Fanya hivyo kwa kila chumba, ongeza dhamana zote, na andika jumla kwenye mkataba wa mauziano. Nyumba ya vyumba sita inaweza kukupotezea zaidi ya nusu milioni kwa kulisahau jambo hili tu, na mtu atakayebanwa kwa hasara hiyo ni mpangaji asiye na kosa.

Kama unataka nyumba tupu, iandikwe hivyo: muuzaji atakabidhi nyumba bila mtu tarehe fulani, na sehemu ya bei itabaki kwako au kwa wakili hadi siku hiyo. Usiogope kulisema. Muuzaji ndiye anayefahamiana na wapangaji, ndiye aliyekula kodi yao, na ndiye anayestahili kwenda kuwaambia. Akikataa kabisa kubakiza hata senti, jiulize anajua nini kuhusu wapangaji hao ambacho wewe hukijui.

Hapo hapo, fanya upekuzi ofisi ya ardhi kama nyumba ina hati, na hakikisha anayeuza ana mamlaka ya kuuza. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi kwa hilo. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na kaka mkubwa kwa kuwa ni kaka mkubwa. Mtu unayemdhania mpangaji mkaidi anaweza kuwa mjane au mrithi, na kwa huyo notisi ya upangaji haina maana yoyote. Kesi yake ni ya kupinga mauziano yenyewe.

Hatua ya pili: fahamu mpangaji wako ni wa aina gani

Mwenye mkataba wa muda maalumu ambao haujaisha unamkuta amekaa juu ya mwamba. Soma mkataba wake mstari kwa mstari, utafute kama kuna kifungu kinachoruhusu kusitisha mapema au kinachosema nyumba ikiuzwa itakuwaje. Kama hakipo, na analipa vizuri, una njia mbili: subiri muda uishe, au mlipe akubali kuondoka mapema.

Wa pili ndiye tunayemkuta sana: hana mkataba wa maandishi, analipa na kukaa. Usidhani huyo hana haki. Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kufanywa kwa mdomo na ukawa halali. Sheria humhesabu ana upangaji wa vipindi, na kipindi hufuata namna anavyolipa kodi. Kumwondoa kunahitaji notisi isiyopungua kipindi kimoja, inayoishia siku ya kulipa kodi. Analipa kila mwezi? Mwezi. Kwa anayelipa miezi sita kwa mkupuo kuna hoja ya kweli kwamba kipindi chake ni miezi sita, na mimi nisingethubutu kumpa mwezi mmoja kisha niende kujitetea Barazani.

Yupo pia ambaye mkataba wake umeisha lakini hajaondoka. Hapa wanunuzi hujikwaa kwa mkono wao wenyewe: wanamtaka atoke, lakini akituma kodi kwenye simu wanaipokea kimya. Kuendelea kupokea kodi hivyo baada ya mkataba kuisha kunaweza kujenga upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi. Ukipokea chochote katika kipindi hicho, andika kwenye risiti kwamba ni malipo ya kutumia chumba hadi atakapoondoka, na kwamba hayaanzishi upangaji.

Wa mwisho si mpangaji kabisa: mdogo wake muuzaji, mlinzi wa nyumba, shangazi aliyepewa chumba cha uani bure. Huyo ni mgeni wa muuzaji, na ruhusa yake imekwisha. Hata hivyo mpe muda unaoeleweka, kwa maandishi, halafu fuata njia ya Baraza kama wengine. Shangazi wa watu akitupiwa vitu nje mtaa mzima utakuhukumu kabla Baraza halijakaa, na utaishi na mtaa huo miaka.

Hatua ya tatu: jitambulishe

Mpangaji ana haki ya kujua kodi anampa nani. Katika wiki ya kwanza mpelekee barua fupi yenye jina lako, tarehe uliyonunua, namba ya kulipia na ombi la nakala ya mkataba wake. Bora zaidi barua hiyo isainiwe na muuzaji pia. Bila hiyo, mpangaji aliyeendelea kumlipa muuzaji kwa nia njema hawezi kulaumiwa. Hajaambiwa. Utabaki kumfuata muuzaji.

Hatua ya nne: kaa naye mkekani kabla ya kumwandikia

Nimeona notisi kali zikichukua mwaka na mazungumzo ya nusu saa yakichukua mwezi. Kinachoharibu mara nyingi ni mlango wa kuingilia. Kijana wa miaka thelathini ananunua nyumba anamoishi bibi wa miaka sitini na tano, anaanza na "wewe mama, unahama lini?" Hapo kazi imeharibika. Ingia hivi:

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, mimi ndiye niliyenunua nyumba hii kwa mzee. Nimeona nije mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Nataka kuikarabati niingie na familia. Sijaja kukufukuza, nimekuja tupange."

"Mwanangu, mimi nimelipa mpaka mwezi wa kumi na moja."

"Najua mama, mzee kaniambia, na nimeyaandika. Sikudai. Nauliza tu, ukipata msaada wa kuhama, unaweza kunipisha lini?"

Hapo mnaongea. Mengi yanayomzuia mpangaji kuhama ni mambo ya fedha na ya majira. Kupanga kwingine atadaiwa kodi ya miezi sita na ya dalali kabla hajapewa ufunguo. Huku Kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, na kumwambia mtu ahame mwezi wa pili, godoro juu ya guta, barabara ya mtaa ikiwa tope, ni kumtafuta ubaya. Mwenye watoto shuleni atahama kwa urahisi Desemba kuliko katikati ya muhula. Anayeishi kwa korosho atakuwa na kitu baada ya mnada, si mwezi wa tano. Ukipanga tarehe yako kufuata mambo hayo, unapunguza nusu ya ugomvi.

Kinachoweza kutolewa mezani: kumrudishia kodi ambayo hajaitumia, kusamehe mwezi wa mwisho, kulipia kirikuu, au kumrudishia dhamana siku moja kabla ili ailipe kwa mwenye nyumba mpya. Jumlisha gharama hizo, kisha zilinganishe na mwaka mmoja wa shauri, wakili, na nyumba uliyoinunua ambayo huwezi kuigusa. Mimi naona anayelipa kidogo hapa ndiye mwenye hesabu nzuri, na wala hajashindwa.

Mkikubaliana, iandikwe siku hiyohiyo: tarehe ya kuhama, kiasi utakachotoa na lini, na kwamba hamtadaiana baada ya hapo. Msaini nyote wawili na mashahidi, mmoja wa upande wake. Toa fedha kwa awamu, kiasi mwanzoni na kilichobaki siku ya ufunguo.

Hatua ya tano: notisi

Mazungumzo yakikwama, andika. Notisi nzuri ni fupi, haina matusi wala vitisho, na haina sababu ndefu. Iwe hivi:

*Kwa: (jina la mpangaji), chumba namba ___, nyumba iliyopo mtaa wa ___*
*Kutoka: (jina lako), mmiliki*
*Tarehe: ___*

*YAH: NOTISI YA KUSITISHA UPANGAJI*

*Mimi ni mmiliki wa nyumba tajwa, niliyoinunua kwa (jina la muuzaji) tarehe ___, kama ulivyojulishwa kwa barua ya tarehe ___. Unaishi katika chumba hicho kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, kodi ikilipwa tarehe 1 ya kila mwezi.*

*Nakujulisha kuwa upangaji wako utakoma tarehe ___. Siku hiyo unatakiwa kukabidhi chumba na ufunguo. Kodi yako imelipwa hadi tarehe ___. Dhamana yako ya shilingi ___ utarudishiwa siku ya makabidhiano baada ya kukagua chumba.*

*(Saini)*

Tarehe ya mwisho ndiyo inayoua notisi nyingi. Kama kodi hulipwa tarehe 1, na umempa notisi tarehe 10 Januari, usiandike kwamba inaisha tarehe 10 Februari. Mwezi mzima lazima upite na uishie siku ya kodi, kwa hiyo andika tarehe 1 Machi. Kama amelipa mbele hadi mwezi wa nne, notisi isiishe kabla ya kodi yake kuisha.

Ipeleke mkononi, nakala isainiwe. Akikataa kusaini, iandike hivyo kwenye nakala yako pamoja na jina la shahidi, na upeleke nakala nyingine ofisi ya mtaa. Picha ya simu inasaidia, lakini shahidi aliyesimama mlangoni anasaidia zaidi.

Kama kosa ni la mpangaji, kwa mfano hajalipa kodi au amegeuza chumba kuwa kilabu cha pombe, notisi ieleze kosa lenyewe, kiasi anachodaiwa au kitu anachotakiwa kuacha, na muda wa kurekebisha. Mpangaji ana haki ya kusahihisha, na Baraza linaweza kumpa nafasi hata akiwa amechelewa. Usidai kodi ya kabla hujanunua, isipokuwa muuzaji amekukabidhi deni hilo kwa maandishi.

Ukiwa unasubiri, usifanye haya

Usibadilishe kufuli. Usiezue bati wala kung'oa mlango kwa kisingizio cha ukarabati. Usikate maji, usiifiche kadi ya LUKU, usishike friji ya mtu kufidia kodi. Usiwalete vijana wa kijiweni, wala askari rafiki yako bila amri. Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa la kuingia mahali kwa nguvu, na kuwa na haki ya mahali hapo si kinga. Mpangaji aliyefungiwa nje anaweza kupata amri ya zuio, akarudi ndani, akadai na fidia ya vitu vilivyopotea. Na vitu vilivyorundikwa barazani mvua ikinyesha huwa vya thamani kubwa sana siku ya kuhesabiwa.

Hatua ya sita: Kata, kisha Baraza la Wilaya

Notisi imeisha na mtu bado yumo. Sasa wewe ndiye unayekwenda kudai.

Unaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza hili haliamui tena nani ana haki, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti cha kuonyesha kwamba usuluhishi umekwama, na hicho ndicho tiketi yako ya kwenda juu. Siku 30 zikipita bila shauri kusuluhishwa, unaweza kuendelea. Usiliruke, maombi yako yatarudishwa. Na usiende kama mtu wa kutimiza utaratibu tu, kwa sababu wajumbe wa kata mara nyingi wanamfahamu mpangaji wako na ndugu zake, na neno lao linasikika kuliko lako.

Kutoka hapo unafungua maombi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wewe ni mleta maombi, yeye mjibu maombi. Baraza lina mwenyekiti mwenye taaluma ya sheria na washauri wake. Lina uwezo wa kusikiliza madai ya kurudishiwa mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo kwa huku ina kanda yake Mtwara mjini.

Fungasha hivi: mkataba wa mauziano na hati au nyaraka za umiliki, barua ya kujitambulisha, mkataba wa mpangaji kama upo, yale maelezo aliyoyasaini kabla ya mauziano, notisi na uthibitisho kwamba aliipokea, kumbukumbu ya kodi, na cheti cha Kata. Kwenye maombi usiishie kuomba atoke. Omba pia malipo ya kila mwezi aliokaa baada ya notisi kuisha, na gharama za shauri.

Kama huna uwezo wa wakili, uliza kuhusu wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nasema hili kwa mpangaji pia. Mtu anayeandikiwa notisi kwa lugha asiyoielewa huweza kukaa kimya hadi dalali wa Baraza, yaani mtekelezaji wa amri zake, anapogonga mlango, kumbe angeuliza mapema angepata muda zaidi na pengine kodi yake.

Hatua ya saba: utekelezaji

Hukumu ikitoka upande wako bado huna ruhusa ya kwenda na nyundo. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukiomba utekelezaji, anayemtoa mtu ni dalali aliyeidhinishwa, akiwa na amri. Kaa pembeni, hakikisha viongozi wa mtaa wapo, na orodha ya vitu vyote ichukuliwe.

Fremu, na nyumba za mnada

Kwenye fremu za biashara neno litakalokusumbua ni kilemba, yaani fedha ya kuingilia fremu, mbali na kodi. Mfanyabiashara wa fremu ya sokoni atakwambia alitoa milioni mbili za kilemba kuipata. Muulize alimpa nani. Kama alimpa mpangaji aliyemtangulia, deni hilo haliko kwenye nyumba. Kama alimpa muuzaji, na kuna maandishi kwamba itahesabiwa kwenye kodi au itarudishwa, hilo umelinunua pamoja na kuta. Mpangaji wa fremu akikwambia sheria inamtaka yeye auziwe kwanza, mwombe akuonyeshe kifungu kwenye mkataba wake. Upangaji peke yake haumpi haki hiyo.

Nyumba ya mnada wa benki ina sura nyingine. Anayekaa mle mara nyingi ndiye mkopaji mwenyewe na familia yake, wenye uchungu, na pengine wanaandaa kesi dhidi ya benki. Kabla hujanyoosha mkono mnadani, uliza kama mkopaji alipewa notisi ya siku 60 inayotakiwa na sheria, kama kuna shauri lolote mahakamani, na kama mwenza wake aliridhia rehani. Ukikuta na wapangaji, uliza waliingia kabla au baada ya rehani, kwa kuwa waliotangulia rehani wana msimamo imara kuliko waliokuja nyuma yake.

Siku ya ufunguo

Fika asubuhi, ukiwa na fedha ya dhamana mkononi na shahidi mmoja. Pitieni chumba pamoja, piga picha kuta, madirisha, soketi. Soma mita ya LUKU: kama vyumba vinatumia mita moja, wapangaji huchangiana umeme, na anayeondoka anaweza kuwa na uniti alizonunua jana. Kodi ya jengo nayo inakatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, ilhali mdaiwa halali ni mwenye jengo. Kama mpangaji alikuwa ananunua umeme peke yake na ameweka kumbukumbu, mrudishie makato ya miezi uliyokuwa mmiliki. Andikeni karatasi moja yenye tarehe, hali ya chumba, fedha iliyorudishwa na idadi ya funguo, msaini wote, kila mmoja abaki na nakala. Halafu msaidie kupandisha kabati kwenye kirikuu.